Tumbo la Ukuta

Mwaka juzi nilijenga ukuta, ukaanguka. Ulikuwa mfupi, wa kufika kiunoni, nyuma ya nyumba yetu hapa Pito, mkoani Rukwa, pale ambapo uwanja unakwisha na shamba la maharage linaanza chini yake. Kila msimu wa mvua ukingo ule ulikuwa ukimegwa, leo kipande cha sahani, kesho kipande cha sinia, mpaka banda la kuku likabaki limening'inia. Saruji sikuwa na fedha yake. Mawe yalikuwapo. Ukilima Ufipa unaokota mawe upende usipende: jembe linagonga moja, unalitupa pembeni, na baada ya miaka ishirini pembeni pale pana rundo ambalo watoto hulipanda wakichunga mbuzi. Nikaazima mkokoteni, nikasomba rundo, nikapanga mchana kutwa. Mawe makubwa nje, nyuso zake bapa zikitazama shambani. Ndani nikamwaga udongo na kifusi mpaka pakajaa. Jioni nilirudi nyuma hatua kumi nikautazama. Ulipendeza kweli.

Februari niliukuta umelala kifudifudi juu ya maharage.

Jirani yangu, mzee aliyekula ujana wake kwenye kazi ya uashi, alikuja kunipa pole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na msiba," akasema, na wala hakuwa akitania sana. Akainama, akachota konzi ya tope lililokuwa ndani ya ukuta, akaliminya. Maji yakachuruzika kwenye vidole vyake. "Mwanangu, umepanga sura. Tumbo hukulipanga."

Sura hii ya kitabu inahusu tumbo hilo, pamoja na watu wanaoiacha siku yao ya kupumzika wakaenda, bila malipo, kupanga upya ukuta ulioanguka kando ya njia ambayo si mali yao.

*

Fundi wa mawe makavu, yaani anayejenga bila saruji, bila chokaa wala tope la kushikilia, huanza kwa kuchimba mpaka aikute ardhi ngumu. Hapo hulaza mawe makubwa kuliko yote. Kisha hujenga ngozi mbili kwa wakati mmoja, ya huku na ya kule, zikiinamiana kidogo kadiri zinavyopanda, ili ukuta uwe mpana miguuni na mwembamba kichwani. Kila jiwe hulazwa likielekeza urefu wake ndani, hata kama upande wake mzuri ni ule mrefu. Hapa ndipo anayejifunza anapokosea, maana jicho linataka uso mpana uonekane. Jiwe lililolazwa kwa ubavu linamfurahisha mpita njia na halishiki kitu. Tena, kila mahali mawe mawili yanapokutana, jiwe la tatu lazima lipande juu yao na kuufunika mwachano ule. Ukiona mstari wa nyufa ukishuka wima toka juu hadi chini, hapo ndipo ukuta utakapochanika, wala usiulize lini.

Kati ya ngozi hizo mbili ndipo lilipo tumbo. Hujazwa mawe madogo, moja moja, kwa mkono, kila moja likibanwa mpaka ukiligusa halichezi. Udongo hauingii kabisa. Udongo ukilowa hufura, ukikauka husinyaa, na kila ukifura huzisukuma ngozi nje unene wa ukucha. Misimu michache baadaye ukuta una mimba, na uzazi wake unafahamika. Katikati ya kimo, kila baada ya hatua moja hivi, huwekwa jiwe refu linalovuka kutoka ngozi hii hadi ile na kuzifunga pamoja. Juu kabisa ukuta huvikwa mawe mazito yaliyosimamishwa kwa ubavu, kama kilemba, yakikandamiza kila kilicho chini.

Nguvu ya kitu chote hicho ni uzito na msuguano, basi. Maji hupenya katikati ya mawe yakatokea upande wa pili bila ugomvi. Ukuta wa saruji unaozuia ukingo wa ardhi huachiwa vipande vya bomba ili maji yatoke. Fundi akivisahau, au matope yakiviziba, maji hujikusanya nyuma kimya kimya na siku moja huusukuma ukuta mzima mzima. Ukuta wa mawe makavu, wenyewe wote ni bomba. Na ardhi ikicheza chini yake hauvunjiki vipande viwili kama mkate. Hukaa upya kidogo, jiwe likatafuta kitako kingine.

Kushikana kwa uzito si jambo geni upande huu wa nchi. Mwaka 2023 watafiti walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walieleza katika jarida la Nature walichokipata kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa mkoa wetu wa Rukwa na Zambia, upande wa Zambia: magogo mawili, moja likiwa limelala juu ya jingine, na la juu limechongwa pengo ili likae bila kuteleza. Umri wake ni miaka isiyopungua 476,000. Waliolichonga hawakuwa hata binadamu wa aina yetu. Gogo lile lilikaa kwa uzito wake na kwa pengo lake, na kwa namna fulani ndilo babu wa kila jiwe ninalolizungumzia hapa.

Sasa kuna methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Naiheshimu, ila ni methali ya watu wa chokaa, wa Kilwa na Lamu, ambako kuta za matumbawe zimeshikwa kwa chokaa iliyochomwa. Ukuta wa mawe makavu hauzibwi ufa; wote ni nyufa. Ukianza kufura, atakayekuja na karai la saruji kupakandika pale palipofura anayafungia maji ndani na kuuharakishia kifo. Dawa yake ni kuufumua. Unashusha mawe moja moja mpaka uifikie safu ambayo haijasogea, unayatandaza majanini kwa ukubwa wake, makubwa karibu na ukuta na madogo nyuma, kisha unaanza kupanga kutoka hapo. Mawe ni yale yale. Hakuna kinachonunuliwa dukani. Kinacholiwa ni siku za watu, na siku hizo ndizo zinazoamua ukuta uishi au ufe.

Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini ukuta fulani umesimama miaka mia nne na mwingine ukalala baada ya miezi mitatu kama wangu, anza na mawe, lakini usiishie hapo. Uliza nani alikuwa akirudi kuupanga, na nani alimwita.

*

Waingereza wana kuta hizi mpaka zimewazidi. Katika hifadhi ya Yorkshire Dales peke yake kuna zaidi ya kilomita 8,000. Nyingi zilijengwa karne ya 18 na ya 19, wakati Bunge lao lilipokuwa likipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuyagawa malisho ya pamoja na kuyafanya mali ya watu binafsi. Ukiona ukuta umenyooka kama uzi, unapanda mlima bila kujali mwamba wala kijito, huo ni mkono wa mpima ardhi. Mchungaji hajengi hivyo. Leo barafu, mizizi, kondoo na watembeaji wanaouparamia huangusha vipande vyake, na makundi ya watu wa kujitolea hukutana mwishoni mwa wiki kando ya njia za miguu, na chupa za chai, wakivirudisha. Chama cha wajenzi wa mawe makavu cha nchi hiyo kilianzishwa mwaka 1968, ufundi ulipokuwa unaelekea kaburini pamoja na wazee wake.

Kichekesho ni kwamba wajukuu wa watu waliofungiwa nje ya malisho ndio wanaoukarabati ukuta uliowafungia nje babu zao, tena kwa furaha, tena bure. Ukuta umesahau ulichotumwa. Umebaki kuwa mahali pa watu kukutana.

Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya nchi 8 za Ulaya, Croatia, Ugiriki, Uswisi na nyingine. Mwaka huohuo, katika orodha nyingine ya shirika hilohilo, uliingia ukuta wa kwetu Afrika Mashariki. Magazeti hayakuziweka habari hizo mbili ukurasa mmoja. Yangeweza.

*

Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori nchini Kenya, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kwa Kijaluo ohinga ni boma, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 mpaka 4.5 na unene wa mita 1 mpaka 3, na hakuna konzi ya udongo wa kushikilia. Ngozi ya nje imepangwa kwa unadhifu, ya ndani vilevile, na katikati mawe madogo. Ni ule ule mwili: ngozi, tumbo, ngozi. Jirani yangu asiyewahi kufika Kenya angeutambua kwa kupapasa tu. Milango ni mifupi na myembamba, anayeingia lazima ainame, na mtu aliyeinama hana mkuki. Ndani walikaa watu na mifugo yao usiku, na wahunzi walikuwa na mahali pao pa kufua chuma. Maboma makubwa pale ni manne, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na ukizunguka eneo lote la kusini mwa Nyanza utahesabu mabaki ya maboma ya namna hiyo zaidi ya 500.

Boma la Thimlich linakadiriwa kujengwa karne ya 16. Waliolijenga wanadhaniwa walikuwa wa jamii za Kibantu. Wakahama, wakaja wengine, baadaye Wajaluo, na zamu hizo za kukaa ziliendelea hata katikati ya karne ya 20. Wote waliohamia walikuta mapengo, wakayapanga, wakaongeza walipotaka. Basi wenye ukuta hawakuurithi kwa damu. Walikuwa wageni wa wajenzi, wengi wao hata lugha hawakuwa nayo moja, na bado waliweza kuuendeleza kwa mkono uleule. Nimelifikiria jambo hili sana baada ya ukuta wangu kuanguka, na naona jibu liko kwenye kuufumua. Anayeshusha mawe ya kipande kilichofura anaona lilivyolala kila jiwe, lililoelekezwa ndani na lililofunika mwachano. Akifika chini amekwisha fundishwa. Ukuta wa saruji ukiuvunja unapata kifusi. Huu ukiuvunja kwa utaratibu unapata somo. Hakuhitajiwa mkalimani.

Walipoondoka wa mwisho, somo likakosa mwanafunzi. Miti ikaota kwenye tumbo la kuta, mizizi ikatanua mawe, ng'ombe wakapita, watu wakaparamia. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliiweka Thimlich katika orodha yake ya maeneo ya kale yaliyo hatarini. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakashika kazi ya ukarabati pamoja na wenyeji wa jirani, watu waliokulia wakiuona ukuta ule kama sehemu ya mandhari, kama tunavyouona mlima wa Mbizi sisi.

Kazi ya namna hiyo ina mtego wake, na mtego huo haumnasi mvivu. Unamnasa fundi hodari. Fundi hodari akiona jiwe lililokaa vibaya mikono inamwasha. Atalirekebisha, na la jirani yake, na mwisho atakuachia ukuta mzuri kuliko ule wa zamani, ambao si wa zamani tena. Pale ambapo mkono wa babu uliteleza paache paonekane, kama hapaangushi kitu. Hili walimu wa watu wa kujitolea huko Uingereza nao hulisema kwa wanafunzi wao wa Jumamosi, kwa sababu kila wilaya ina namna yake ya kuvisha ukuta kilemba, na mgeni mwenye ari huja na kilemba cha kwao.

*

Ukuta ambao hakuna aliyerudi kuupanga unaweza kuuona bila kuvuka mpaka. Nenda Engaruka, wilaya ya Monduli, chini ya genge la Bonde la Ufa. Kwenye mteremko kuna mabaki ya vijiji saba vilivyojengwa juu ya vitako vya mawe, na chini yake mashamba yaliyogawanywa kwa safu za mawe makavu yaliyokuwa yakinyweshwa kwa mifereji kutoka mitoni, yote yakienea kiasi cha kilomita za mraba 20. Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 akashangaa. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikwenda mwaka 1935. Kina Hamo Sassoon na John Sutton wakafuata. Wachimbaji wa karibuni wameonyesha kwamba baadhi ya safu zile zilikuwa mitego ya tope: maji ya mto yaliachiwa yapite, mawe yakayapunguzia mwendo, udongo ukatua, na shamba likazaliwa nyuma ya ukuta. Watu walilima hapo tangu karibu karne ya 15 mpaka ya 18. Kwa nini waliondoka, wengine wanataja maji kupungua, wengine majirani wenye ng'ombe na mikuki. Leo mbuzi wanapita juu ya mawe na kila kwato inashusha moja.

Konso, kusini mwa Ethiopia, ilijengwa kwa akili hiyohiyo na bado inaishi. Mlima mzima ni ngazi za mawe, nyingine zina kimo cha mita 5, na watu wake huhesabu vizazi zaidi ya 20 juu ya mteremko uleule. Mvua ikibomoa ngazi, inainuliwa. Sina la kuongeza hapo. Tofauti ya Konso na Engaruka ni kwamba Konso kuna mtu kesho asubuhi.

*

Nimesema uliza pia nani alimwita. Hapa historia yetu ni chungu kidogo.

Katika miaka ya 1950 utawala wa Mwingereza uliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi katika milima yao juu ya Morogoro ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na takwimu. Waluguru walikuwa na macho. Waliona tuta likichimbwa linafukua udongo mbaya wa chini na kuuleta juu, mahindi yanatoka ya njano, na wakashuku kwamba ardhi inayopimwa hivyo itakuja kuchukuliwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi za polisi, mpango ukaachwa. Ukambani, nchini Kenya, nako matuta yalianza kwa amri, machifu wakisimamia, na uhuru ulipokuja watu wengi waliyatupa mkono pamoja na machifu wao. Lakini Wakamba waliyarudia, safari hii bila kuamrishwa. Waliyarudia kwa vikundi vya mwethya, wanawake wakiwa wengi, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakitumia mtindo ambao jina lake la Kiswahili limeingia katika vitabu vya udongo vya dunia nzima: fanya juu. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, na baada ya miaka tuta linajisawazisha. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos, hukohuko Ukambani, kilichoonyesha kwamba watu waliongezeka mara kadhaa na mmomonyoko ukapungua, kinyume na ilivyotabiriwa. Milima haikubadilika, wala mikono. Aliyebadilika ni mwitaji.

Mimi nadhani kosa la viongozi wengi, wa zamani na wa sasa, ni kudhani kujitolea ni kazi isiyo na mshahara. Upareni wana msaragambo, Ukambani mwethya, na sisi wengine tuna ujima kwa majina mengi, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo usio na malipo. Unalipwa pombe ya ulezi jioni, unalipwa zamu yako ikifika, unalipwa kwa kutotajwa vibaya kwenye msiba wako. Kinachokosekana ni bahasha tu. Ukiyaondoa malipo hayo ukaweka faini ya asiyetokea, unapata watu wengi wenye majembe begani na kazi kidogo chini.

*

Ufipa hatukujenga maboma ya mawe. Kuta zetu ni za udongo, na tunazibomoa wenyewe kila mwaka kwa makusudi. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima hukata nyasi pamoja na udongo wake, akazigeuza chini juu na kuzirundika ziwe tuta la mviringo. Wafipa huliita intumba. Nyasi huoza ndani, juu hupandwa maharage, na msimu unaofuata tuta hutawanywa na kusiwa ulezi au mahindi. Ukisimama Pito wakati huo, mteremko wote umevaa matuta kama ngozi ya kanga. Mgeni hudhani ni mapambo. Kumbe ni mbolea na kinga ya maji kwa pamoja, na pia ni tumbo: anayejaza tuta ovyo, nyasi zikatokeza nje, litasinyaa kabla ya maharage kutoa ua.

Tulijenga na malungu, tanuri za udongo za kuyeyushia chuma, ndefu kuliko mtu, ambazo upepo uliingia wenyewe bila mivukuto. Profesa Bertram Mapunda amezifuatilia kwa miaka katika Sumbawanga na Nkansi. Kazi ilikoma katika karne ya 20, chuma cha dukani kilipokuwa rahisi. Baadhi ya malungu bado yamesimama porini, na kila mvua inayalamba. Yalipokuwa na kazi, ufa ukitokea ulikandikwa kabla ya moto unaofuata. (Hapo methali ya ufa ilikuwa na haki yake.) Watu wakisikia Sumbawanga huuliza kwanza habari za ungo na usiku, kwa kuwa wazee wanasema jina lenyewe ni agizo la kutupa uchawi. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za malungu.

Mahali ambapo mawe makavu yangetufaa sasa ni kwenye njia za miguu. Kutoka uwanda huu kushuka Bonde la Ziwa Rukwa kuna Lyamba lya Mfipa, genge linaloshuka karibu mita 1,000. Magari yana barabara ya Muze. Watu wana vinjia vyao: mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani, kijana na baiskeli aliyoibeba begani, mwanafunzi. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zina wakala wake, TARURA, na siku hizi wakala huo unajenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, yenye matao, kwa saruji kidogo na mawe mengi ya hapohapo, jambo ninaloliunga mkono kwa mikono miwili. Kinjia hakimo katika orodha ya barabara. Hakina namba. Kikikatwa na maji, watu huhamia pembeni hatua tatu, mwaka unaofuata hatua tatu nyingine, na baada ya muongo mmoja palipokuwa na njia pana korongo, na njia imehamia kwenye shamba la mtu, ugomvi ukaanza.

Safu moja ya mawe kwenye kona, ya kufika gotini, iliyopangwa tumbo na sura, ingeyapunguzia maji mwendo kama safu zile za Engaruka. Ni kazi ya watu sita na asubuhi moja. Mawe yako hapohapo, tunayapiga teke. Nimesikia hoja kwamba watu wa kwetu hawajitolei siku hizi. Hoja hiyo haijapita mbele ya shule. Nchi nzima imejaa maboma ya madarasa yaliyoinuliwa na wananchi hadi usawa wa renta, kwa tofali zao na mchanga wao, yakisubiri serikali ije kuezeka. Kuanza tunajua sana. Boma la darasa lina siku ya kuanza, lina diwani wa kulihutubia na picha ya kupigwa. Kurudi kuinua jiwe lililoanguka mwaka jana hakuna hotuba, na ndiyo maana nadhani kazi hii haiwezi kuanzishwa kwa mkutano wa hadhara. Inaanzia kwa mtu anayepita hapo kila siku na mwenzake mmoja.

*

Ukuta wangu niliufumua wote. Mzee alikuja na kigoda chake, akaketi, akawa ananielekeza kwa fimbo. Udongo niliutoa ndani, mkokoteni baada ya mkokoteni. Watoto wa jirani niliwapa kazi ya kuokota mawe ya ukubwa wa ngumi kwa ajili ya tumbo, wakaligeuza shindano, na malipo yao yalikuwa mahindi ya kuchoma. Ilichukua Jumamosi tatu. Mawe ya kufunga, yale marefu ya kuvuka ngozi hadi ngozi, yalitushinda kupatikana hapa. Mawili yaliletwa na kijana wa mtaa wa pili ambaye sikuwa nimemwomba. Alisema anapita hapa kila siku, na banda lile la kuku lilikuwa likimtia wasiwasi.

Mvua mbili zimepita. Maharage yako salama. Ila upande wa kushoto, karibu na bafu, kimo cha goti, ngozi ya nje imeanza kutokeza unene wa kidole, na nilipoipapasa nilikuta jiwe moja la tumboni linacheza. Jumamosi naufumua upande huo.